Mama Ng'ambo na Mwenye Sauti Yake

Swali mnaloniuliza kuliko yote, nyie vijana mnaokuja barazani kwangu Magomeni ya hapa Mtwara na simu zenu na vijiti vya kuzisimamishia, ni hili: "Bibi, wewe ulitokaje?" Mara ya kwanza nilijibu kwamba nilitoka Mpapura kwa miguu mpaka barabarani, nikapakiwa juu ya lori la magunia ya korosho hadi Mtwara mjini. Mkacheka mpaka mkashikana mabega. Ndipo mmoja wenu, yule Salma mwenye miwani, akanifafanulia kwamba siku hizi kutoka ni kujulikana, watu wakuone na wakutaje jina.

Haya. Mimi nilitoka. Kwa miaka mingi hapakuwa na mtu kati ya Msimbati na Kilambo asiyeijua sauti yangu. Jina langu la kuzaliwa, Zainabu, lilisahauliwa. Nikawa Mama Ng'ambo sokoni, msibani na hospitalini. Nataka niwaeleze nilivyotoka, halafu niwaeleze nilivyorudi, maana hilo la pili hamjaniuliza na ndilo ninalojivunia.

Kazi yetu ilikuwa maigizo ya uwanjani. Kiongozi wa kikundi alikuwa Mwalimu Issa, mwalimu wa shule ya msingi aliyestaafu, mwembamba, suruali yake ameipandisha hadi karibu na kifua. Alinichukua nikiwa msichana wa miaka kumi na tisa, akanifunza karibu kila ninachokijua. Tulizunguka vijijini nyuma ya pikapu tukiigiza habari za vyoo, malaria, mabinti kuachishwa shule, na namna ya kupulizia mikorosho dawa bila kujipulizia mwenyewe. Hatukuwa na jukwaa wala vipaza sauti. Tulikuwa na uwanja wa shule na watu waliotoka shamba.

Mnadhani alianza kunifunza kulia au kucheka? Alianza na kulamba kidole. Ukifika uwanjani unalamba kidole, unakiinua, unaujua upepo unatoka wapi, kisha unasimama upepo ukiwa mgongoni kwako ili uipeleke sauti kwa watu. Ukisimama kinyume, unaigizia minazi iliyo nyuma yako. Halafu unatazama jua. Wasikilizaji wakipigwa na jua usoni watakunja nyuso, nawe utadhani wamechukia, utaanza kupiga kelele na kuharibu. Waketishe jua likiwa kisogoni kwao, hata kama wewe ndiwe utakayeungua. Anza baada ya swala ya alasiri, maliza kabla ya magharibi, na msimu wa kuokota korosho usimsumbue mtu.

Kuhusu kulia, acheni vitunguu. Mtu anayelia kweli hatafuti machozi, anayazuia. Wewe yazuie tu, yatakuja yenyewe.

Makosa nilifanya mengi. Kuna siku tuliigiza wake wenza waliogombana mwaka mzima, na mwisho wa mchezo mke mkubwa, yaani mimi, anakwenda kupatana na mwenzake kwa upole. Nilijifunga kanga mpya niliyoipenda kwa rangi yake. Nikamkumbatia mwenzangu, nikaegemeza kichwa begani mwake, nikayazuia machozi kama nilivyofunzwa. Wanawake wa mstari wa mbele wakaanza kugongana viwiko, kisha kicheko kikashika uwanja mzima. Kanga yangu, mgongoni, ilikuwa imeandikwa: CHUNGU CHANGU HAKIKUHUSU HATA KIKIUNGUA. Mwalimu Issa hakunigombeza. Tuliporudi, tukishuka tu kwenye pikapu, akasema, "Zainabu, mwigizaji husoma kanga yake kabla hajasoma maneno yake." Tangu hapo naangalia kila kitu ninachokipeleka mbele za watu, au nilijidanganya kwamba naangalia.

Baba yangu alikuwa mkulima wa korosho na muhogo, mtu wa swala tano. Hakuipenda kazi hii. Alisema, "Mtoto wa kike akizoea kusema uongo mbele za watu, nyumbani atasema nini?" Hakunikataza, ila hakuja kunitazama. Mpaka tulipoigiza kwetu Mpapura, mimi nikiwa mzee mvuta tumbaku, na kanzu nimevaa. Nilimwona amesimama nyuma ya ukuta wa ghala, kichwa tu kinachungulia. Hatukuzungumza habari hiyo. Baada ya wiki kama mbili, tukimenya muhogo, akasema bila kuniangalia, "Yule mzee wako ulimkosea kikohozi. Mvuta tumbaku hukohoa kabla hajasema, siyo baada." Ndiyo sifa ya pekee niliyowahi kupata kwake, na mpaka leo nikiigiza mzee nakohoa kabla.

Sasa, Mama Ng'ambo. Alizaliwa kwa bahati mbaya. Tulikuwa Msimbati, mwenzetu mmoja alishikwa na homa, na mchezo ukabaki na shimo la dakika kumi. Mwalimu akaniambia, "Wewe jaza. Mwanamke amekuja zahanati, haeleweki anachosema." Nikaingia uwanjani na sauti ya mwanamke wa upande wa pili wa Ruvuma, Mmakonde wa Msumbiji aliyejifunza Kiswahili ukubwani. Sitawaigizia hapa nilivyoyatamka maneno, na nikimaliza mtaelewa kwa nini. Nilipinda ulimi, nikabadili herufi hapa na pale, nikatembea miguu imetanuka. Watu walicheka mpaka wengine wakalala chini. Mwenyekiti wa kijiji alifuta macho kwa kofia yake.

Baada ya hapo kila kijiji kikawa kinamtaka Mama Ng'ambo. Redio moja ya hapa mkoani ikanipa kipindi cha asubuhi, Mama Ng'ambo kila siku anakwenda mahali na haeleweki: benki, posta, shuleni kwa mtoto, zahanati. Hiyo ya zahanati ndiyo waliyoirudia zaidi. Nikipita sokoni wauza samaki wananiongezea mmoja bila kuomba. Watoto walijua sentensi zangu kwa moyo. Niliishi hivyo miaka minne, na sitawadanganya, ilikuwa tamu.

Ikafika siku tukaenda Kilambo, kule mtoni, watu wanakovukia kwenda na kurudi Msumbiji. Familia nyingi za pale zina asili ya ng'ambo. Wanalima mpunga kwenye bonde, wanauza na kununua pande zote mbili. Nilidhani hapo nitavunja mbavu za watu kuliko popote. Nilipoingia na mwendo wangu, vijana wachache walicheka. Wengine walitazama tu, kama unavyomtazama mgeni aliyekalia kigoda asichokaribishwa. Nikaongeza sauti. Nikapinda ulimi zaidi. Nikaona watu wazima wanaondoka mmoja mmoja bila fujo.

Tulipokuwa tunafunga mizigo, akaja mama mmoja, umri wa kunizidi kama miaka kumi, kanga mbili safi, na jicho lake la kushoto lina utando mweupe. Akanisalimia vizuri. Nikamwamkia.

"Wewe ndiye Mama Ng'ambo?"

"Ndimi, mama."

"Mimi naitwa Filomena. Lakini hapa na mimi wananiita Mama Ng'ambo. Wewe ulilitaka jina, mimi sikulitaka."

Nikatabasamu, nikidhani ni mzaha. Hakutabasamu. Akanieleza taratibu, kama anayenieleza msiba wa jirani. Msimu uliopita, akipiga mpunga, pumba ilimruka ikaingia jichoni. Siku ya pili jicho likavimba, akaenda zahanati, ambayo sitaitaja. Akakaa foleni. Alipofika mbele akaanza kueleza, na sauti yake ndiyo hiyo hiyo niliyokuwa naiuza redioni. Foleni nzima ikaanza kucheka. Mmoja akamalizia sentensi yake kwa maneno yangu. Aliyekuwa anaandika majina naye akacheka, akamwambia, "Mama, sema tena, sema tena."

"Nikanyamaza," Filomena akasema. "Nikarudi nyumbani. Nikatia maji ya majani. Jicho likafa."

Nilikuwa nimeshika sanduku la mavazi, nikaliweka chini, nikaliinua tena. Yeye akasema, "Nilitaka uone tu," akaenda zake.

Nikiwa nyuma ya pikapu nilimkumbuka bibi yangu mzaa baba. Nyie hamumjui. Alizaliwa ng'ambo ile ile, alivuka akiwa msichana, na mpaka anakufa alisema Kiswahili kama Filomena. Sauti ya Mama Ng'ambo sikuitunga. Niliichukua kwa bibi yangu aliyenibeba mgongoni, nikaenda kuichekesha.

Kesho yake nilimwendea Mwalimu Issa nyumbani, nikamwambia naacha kuigiza. Alikuwa anapepeta mchele. Hakusimamisha ungo.

"Unaacha ili nani apone?"

"Nimemharibia mtu jicho, Mwalimu."

"Jicho liliharibiwa na pumba, na watu waliocheka, na mimi niliyekwambia ujaze shimo, na wewe. Tumo wengi. Sasa ukiacha utakaa ndani ujionee huruma. Huyo mama atapata nini?"

"Nifanye nini basi?"

"Mimi sijui. Nenda kamuulize mwenye jicho."

Nilirudi Kilambo na sukari na miche ya sabuni. Filomena nilimkuta bondeni anapalilia mpunga na binti yake Tereza, mwanamke mtu mzima mwenye watoto wake. Nikaanza hotuba ya msamaha niliyoiandaa njia nzima, na nawaambieni ilikuwa hotuba nzuri. Filomena akaniacha nifike katikati, kisha akasema, "Jembe lile pale."

Nikapalilia siku tatu. Usiku nalala kwao, asubuhi bondeni. Siku ya kwanza hakunisemesha ila kunionyesha nilipong'oa mpunga nikaacha majani. Siku ya pili, wakati wa kula, akasimama ghafla, akajishika kiuno, akainua kidevu, akaanza kutembea kwenye tuta. Tereza akaangua kicheko, uji ukamwagika. Nikauliza, "Anafanya nini?" Tereza akasema, "Ni wewe huyo, dada, unapoingia uwanjani."

Jamani. Nilikuwa mimi. Bega la kulia linatangulia, macho yanahesabu watu, mdomo uko tayari kupokea kicheko kabla hakijaja. Sikujua kwamba natembea hivyo. Uso uliniwaka, nikatamani kumwambia aache, na hapo hapo nikaona, kwa jicho la kazi, kwamba huyu mama ni mwigizaji kunishinda. Hakukosea hata unyayo.

Siku ya tatu ndipo nikamuuliza swali nililotumwa na Mwalimu: nifanye nini?

"Sikukatazi kusema kama mimi," akasema. "Mimi ndivyo ninavyosema, siyo ugonjwa. Lakini huyo Mama Ng'ambo wako hana neno. Anafungua mdomo, watu wanacheka, basi, kwisha. Hamalizi hata siku moja. Mpe neno. Umwache amalize."

Nililipeleka redioni. Nikasema nataka kipindi kibadilike, Mama Ng'ambo aende zahanati na safari hii asikilizwe mpaka mwisho. Msimamizi wa kipindi, kijana mwungwana tu, akaniambia, "Bi Zainabu, watu wakiamka asubuhi wanataka kucheka." Nikamwambia basi mimi sitakuja kesho. Na sikwenda. Miezi ile nilishona sare za shule na kukaanga maandazi, na wauza samaki wakaacha kuniongezea. Nilisikitika? Ndiyo. Nilijuta? Hapana. Mtu akiwaambia mnaweza kuacha kitu kitamu bila kuumwa, anawadanganya.

Mlango uliofuata ulifunguliwa na mwanamke aliyeitwa Anjela, mkufunzi katika chuo kimoja cha uuguzi. Alikuja kutazama mchezo wetu wa chanjo, na mwisho akanivuta pembeni. Alisema wanafunzi wake wanatoka kila pembe ya nchi, wengine hawajawahi kuiona Ruvuma. "Wanajua majina ya mifupa yote," akasema, "ila hawajui kumsubiri mtu amalize sentensi. Huwa nawafundisha kwa mdoli, na mdoli haongei." Akaniuliza kama naweza kuwa mgonjwa.

Nikamwambia, "Ninaye mgonjwa. Ila sauti yake ni ya mtu, siwezi kuichukua tena bila ruhusa." Nikaenda Kilambo, nikamwomba Filomena, akanipa sauti yake, na pamoja nayo ugonjwa: maumivu ya chembe cha moyo, pale juu ya tumbo, yanayokuja akiwa na njaa, tena na kinyesi cheusi ambacho mwanamke hatakitaja mpaka aulizwe vizuri. Akanifundisha namna anavyosema "moyo unauma" huku mkono uko juu ya tumbo. Mwanafunzi atakayesikia mdomo tu atapima moyo. Atakayetazama mkono ataelewa. Hii ndiyo kazi ya pembeni niliyoifanya miaka kumi na moja, muda mrefu kuliko nilivyowahi kufanya redio, na hakuna aliyenipigia makofi hata siku moja.

Siku ya kwanza niliingia, nikakaa kwenye kiti cha mgonjwa, nikaanza. Mwanafunzi aliyekuwa zamu, Neema, binti wa kutoka Iringa, alijikaza mpaka neno la tatu, kisha akacheka. Akasema, "Samahani, nilishawahi kumsikia huyu redioni." Wenzake nao wakaangua. Zamani ningejibu kicheko kwa kicheko. Nikafunga kanga yangu, nikainuka, nikatoka nje, nikatembea mpaka karibu na bomba la maji.

Ndani nilimsikia Anjela: "Mgonjwa wako ameondoka, Neema. Sasa?"

Akanifuata mbio. "Bibi, mtihani haujaisha."

Nikamjibu kwa sauti yangu mwenyewe, "Mwanangu, mgonjwa keshapanda gari, anarudi Kilambo. Jicho lake litakufa kesho." Nikamsimulia pale pale bombani. Alilia, na hakuyatafuta hayo machozi. Tukarudi ndani, akaanza upya, na safari ile alisubiri. Alisubiri sana hata pale nilipokuwa nimemaliza, ikabidi nimwambie, "Endelea, mama, nimemaliza." Tukacheka wote, kicheko cha namna nyingine. Neema sasa ni muuguzi katika kijiji kimojawapo cha huko mtoni, na sikukuu zote hunipigia simu.

Somo hapo kwenu ninyi mnaorekodi: nyie mkikosea mnafuta mnarudia, na si vibaya. Lakini kwenye chuo kile nilirudia maumivu yale yale kwa wanafunzi wanane, kumi, siku moja, na kila mmoja alistahili maumivu mapya. Siri yake ni kuyasahau majibu. Usikumbuke aliyetangulia alikuuliza nini. Kila anayeingia, wewe ndio kwanza umefika, umechoka na safari, hujui kama huyu atakucheka.

Sasa nakuja kwenye siku ninayoijua kuwa kubwa kuliko zote katika kazi yangu, na siku hiyo sikusema neno hata moja.

Ilibaki wiki moja kabla ya mitihani ya mwisho ya vitendo. Sauti yangu ikakauka. Daktari akanitazama kooni akasema nisiongee mwezi mzima, hata kunong'ona. Anjela akataka kurudisha mdoli. Nikamwandikia kwenye karatasi: FILOMENA. Tukampigia Tereza, naye akampa mama yake simu. Filomena akakataa. Nilimsikia akisema, "Nije nikachekeshe watu huko?" Anjela akambembeleza. Akakataa tena. Kisha akauliza, "Yeye Zainabu anasemaje?" Anjela akanitazama, nami nikapiga kiganja mara tatu kwenye meza ili asikie. Filomena akasema, "Haya, nakuja."

Hayo mazoezi mngeyaona. Mimi mwalimu bubu, yeye mwanafunzi asiyejua kusoma. Naandika maelekezo, Tereza anayasoma, Filomena anayapinga. Naandika: asitaje kinyesi mpaka aulizwe. Anajibu, "Mimi mwenyewe ndiye niliyekufundisha hilo." Naandika: asiharakishe. Anasema, "Wewe ndiye uliyekuwa unaharakisha. Nilikuja kukutazama dirishani mwaka juzi, Tereza alinileta. Unasema kama unawahi basi." Sikujua kama aliwahi kuja. Niliitupa kalamu.

Siku ya mtihani nilikaa kwenye kona nyuma ya wasahihishaji. Wanafunzi wanane. Filomena alikaa kwenye kile kiti, mikono mapajani, akaumwa mara nane, na kila mara maumivu yalikuwa mapya. Hakuna aliyecheka. Sijui kama ni kwa sababu walishafundwa, au ni kwa sababu mbele ya Filomena hakukuwa na cha kuchekwa. Kila mmoja alitazama mkono. Kila mmoja alisubiri.

Wa nane alikuwa kijana mmoja mpole, Musa. Aliuliza yote yaliyopaswa, akafika kwenye kinyesi kwa adabu, akaandika. Muda wake ulikuwa bado. Badala ya kufunga karatasi, akasogeza kiti.

"Mama, na jicho hili la kushoto liliumia vipi?"

Hilo halikuwamo. Wasahihishaji wakatazamana. Mimi nikashika kiti. Filomena akanigeukia, nami sikuwa na sauti ya kumwambia lolote, na nadhani hata ningekuwa nayo nisingesema. Akamgeukia Musa, akamweleza. Pumba, foleni, kicheko, majani. Alieleza mpaka mwisho, kwa Kiswahili chake, bila kuharakisha. Musa hakumkatiza hata mara moja. Alipomaliza, kijana yule hakusema pole ya haraka haraka. Akauliza, "Na hili lingine linaona vizuri?"

"Siku hizi kama kuna moshi."

Musa akaomba tochi. Akamfunika jicho bovu kwa kiganja, akarudi nyuma, akamwuliza vidole vingapi. Filomena akakosea. Musa akasogea, akauliza tena. Akakosea. Hapo Anjela akaiweka kalamu chini, akainuka kwenye meza ya wasahihishaji, akaja kutazama mwenyewe. Hakuna aliyekuwa anaigiza tena. Ulikuwa ugonjwa wa mtoto wa jicho, umeshaanza kulifunika. Barua waliyomwandikia siku ile ya kwenda kuonana na daktari wa macho ilikuwa barua ya kweli, na upasuaji aliofanyiwa miezi miwili baadaye ulikuwa wa kweli. Leo anachagua mchele mwenyewe na kuniambia nywele zangu zimekuwa nyeupe.

Kundi la wanafunzi waliofuata lilipoanza, sauti yangu ilikuwa imerudi, ila Anjela hakuniita mimi peke yangu. Alituita wawili, tupokezane. Tukafika getini asubuhi na kumkuta mlinzi mpya, mkali, mwenye daftari kubwa la wageni lililopigwa mistari. Filomena alitangulia, na miwani yake mipya.

Mlinzi akauliza jina, akaandika. Akauliza anakotoka, akaandika Kilambo. Kisha akasikiliza ile sauti yake, akamtazama kanga na ndala, akasema, "Mama, leo siyo siku ya kuona wagonjwa. Hapa ni chuo. Una kazi gani hapa?"

"Mwigizaji," Filomena akasema.

Mlinzi akainua kichwa. "Nani?"

Nilikuwa nyuma yake, mdomo nimeshaufungua nimsaidie. Nikaufumba.

"Andika," Filomena akasema polepole, akaweka kidole juu ya daftari, kwenye mstari wake. "Mimi ni mwigizaji. Nafundisha wauguzi."

Mlinzi akaandika. Akanitazama mimi. "Na wewe, mama?"

"Andika hivyo hivyo," nikamwambia. "Chini yake."